Kuku wanapinda shingo na kufa

SWALI: Shikamoo daktari. Kuku wangu wa kienyeji wanaharisha kijani, mabawa yanalegea, shingo zinapinda, kesho yake wamekufa. Nimewapa shubiri na pilipili, wapi! Jirani anasema niwauze waliobaki. – Mama mfugaji, Singida

JIBU: Marahaba, mama, pole sana. Dalili hizo ni za mdondo, yaani kideri, na hauna tiba. Nakusihi usiwauze, utahamishia msiba bandani kwa mwenzako. Mizoga ichome au ifukie kwenye shimo refu, mbwa wasifukue. Mwite afisa mifugo athibitishe, kwani mafua makali ya ndege hufanana nao. Ukianza upya, chanja mapema wakiwa wazima: chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kila miezi 3, vifaranga pia. Changeni na majirani, mchanje siku moja.