Rivolva ya kikauboi ya bei poa: usilipe kabla hujavuta nyundo

Juzi mdogo wangu mmoja aliyeko Dallas kanitumia meseji, "kaka nimeona rivolva ya kikauboi dola 300, inang'aa balaa, nichukue?" Nimesoma hiyo meseji nikakaa kimya kama dakika tano hivi, maana ni mimi kabisa miaka sita iliyopita.

Nilikuwa nimepata green card, nimeanza kwenda kwenye yale mashindano ya kikauboi ya SASS (chama cha walenga shabaha wa staili ya kikauboi) hapa Texas, yale unavaa kofia na buti na kujichagulia jina la kulengea shabaha (langu ni Simba wa Usambara), na silaha zote lazima ziwe za staili ya miaka ya 1800. Sasa Colt yenyewe, ile bastola ya Kimarekani ya mwaka 1873, mpya ni hela ndefu, kwa hiyo sisi wengi tunachukua kopi za Italia, za Uberti au Pietta, zinatoka kule upande wa Brescia ambako wametengeneza bunduki karne na karne. Hizo si feki jamani, ni silaha za kweli, zinatoka na mihuri ya ukaguzi na kijiboksi chenye herufi mbili za mwaka. Ukinunua yoyote tafuta hiyo mihuri kwanza.

Mimi sikutafuta kitu. Nilienda kwenye maonyesho ya bunduki nikakuta moja mezani, iliyotumika, fremu ina yale madoa ya bluu na kahawia kama mafuta ya gari juu ya maji, nikapagawa. Nyundo, kile kipande cha nyuma unachokivuta kwa dole gumba kabla ya kupiga, ilikuwa imefungwa kwa tai ya plastiki, pale ndo kawaida, na muuzaji akaniambia hii ni sawasawa na Colt. Nikalipa bila kuomba aikate ile tai. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia lenyewe nimelisifia.

Mashindano ya kwanza, raundi ya tatu, jamaa aliyesimama kulia kwangu kashika shavu, anatoa damu kidogo. Silinda, lile pipa la kuzunguka lenye vyumba sita vya risasi, ilikuwa haijafika mahali pake nyundo inaposhuka, risasi inaingia kwenye mtutu upande upande, inachubuliwa, vipande vinaruka pembeni. Msimamizi akanitoa kwenye mstari mbele ya watu wote. Hakunigombeza, na hiyo ndo iliniuma zaidi. Mpaka leo nikimuona yule jamaa naangalia chini.

Ndo nikaanza kujifunza, na fundi aliyenifundisha hakuanza na rangi wala kishikio, alianza na kidole. Hakikisha haina kitu ndani, angalia vyumba vyote sita, kisha uangalie tena. Weka kidole kwenye silinda uibane kidoogo, vuta nyundo polepole mpaka mwisho. Nyundo ikisimama, silinda iwe imeshajifunga tayari, ukiisukuma kwa kidole na ikazunguka kidogo ndo ikalia "ka", hiyo inachelewa, iache hapo hapo. Yangu ilikuwa inachelewa vyumba viwili kati ya sita! Halafu angalia mstari unaozunguka silinda katikati ya vile vishimo vya nje, ukiwa umekwanguka mpaka chuma cheupe ujue kile kifungio kinachoingia kwenye vishimo kuifunga silinda kinakwaruza njia nzima. Shika silinda uisukume mbele na nyuma, isicheze. Na ukishavuta nyundo, isukume mbele kwa dole gumba bila kugusa triga, ikianguka usijadili bei.

Gepu kati ya silinda na mtutu napima kwa fila geji, ile ile mafundi magari wanapimia tapeti, inchi 0.004 mpaka 0.008 niko na amani.

Watu wanahangaika na rangi, rangi haipigi shabaha! Ndugu zangu tupunguze tamaa ya kung'aa, tumetoka mbali sana kuja kuaibika kwa sababu ya kitu kinachong'aa, uliza, gusa, vuta nyundo, usione haya mbele ya muuzaji, hela ni yako. Na kama uko hapa kwa viza ya kawaida tu, usiguse kabla hujaisoma sheria, hilo sitanii.

Jumamosi iliyopita nimemaliza raundi zote sita na Cattleman yangu, kopi ya hiyo Colt kutoka Uberti, dola 500 na ushee, bila kukwama hata mara moja. Nilijaza tano tu, nyundo juu ya chumba kitupu kama inavyotakiwa kwa hizi za muundo wa zamani.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Dallas, rudi kwa huyo mtu umwombe akate tai. Akikataa, ondoka. Akikubali, kabla hujatoa hata dola moja, nitumie picha ya ule mstari kwenye silinda, mchana, kwenye mwanga.