Mitambo ikilala ndipo watu wanapoumia: niliyoyaona nikishika bendera Ujiji

Nimeshika bendera miezi saba kwenye ujenzi wa barabara ya mtaani kwetu, Ujiji, mkoani Kigoma. Nyekundu mkono huu, kijani mkono ule, vumbi mpaka kwenye kope. Wengi hudhani kazi yetu ni kuzuia magari yasivaane na greda. Greda halina shida. Linanguruma, kila mtu analikwepa. Watu wanaumia likishazimwa.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja muuza dagaa. Alikuwa akipita kila alfajiri na beseni kichwani. Mwenye mzigo kichwani haangalii chini: shingo imenyooka, miguu inafuata njia iliyoizoea. Jioni moja tulichimba mtaro wa kalavati, tukaweka ubao wa kuvukia na utepe, tukaenda zetu. Usiku ubao ukawa kuni za mtu. Utepe nao watoto walikuwa wameshaufanya kamba ya kuruka. Alfajiri mama akaja na miguu yake, akatumbukia. Aliteguka kifundo, dagaa wakachanganyika na moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara. Mkandarasi alilipa hao dagaa baada ya kumzungusha wiki mbili. Mguu hakuna aliyeuulizia.

Kwa hiyo, mkisikia mtaa wenu unaletewa lami, ulizieni kwanza waenda kwa miguu watapita wapi, tena kabla greda halijashushwa. Mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao na msimamizi wa mradi, kisha mtembee naye eneo lote. Mwonyesheni watu wanapovukia kweli: msikitini, gengeni, shuleni. Mainjinia wana tabia ya kuweka kivuko pale mchoro unapopendeza, halafu wanashangaa watu wakiruka mtaro hatua ishirini pembeni. Pale ambapo nyasi zimekwisha kwa kukanyagwa, ndipo kivuko kikae. Kiwe na upana wa watu wawili wenye mizigo kupishana na mahali pa kushika mkono, japo upande mmoja. Mbao zipigiliwe misumari kwenye magogo. Ubao unaobebeka utabebwa.

Halafu kuna jambo la jua, na hili watu wa Dar es Salaam hawalijui. Saa zetu na zao ni zilezile, ila sisi tuko mbali magharibi, jua la Kigoma linachomoza kama dakika 40 baada ya la kwao. Saa kumi na mbili asubuhi huku bado ni giza, na watoto wa shule wako njiani. Sisi tulikuwa tunaripoti saa moja na nusu, wakati watoto wameshapita peke yao kando ya mashimo. Tukaomba mmoja wetu aanze saa kumi na mbili, na tochi na reflekta. Saa ya ziada hawakutaka kuilipa, basi tukapokezana: anayewahi, anawahi kuondoka.

Mwendo wa magari sitausema sana. Kwa spidi 50 gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 30, mita 8 na kidogo. Kwenye moramu iliyolegea breki hazishiki kama kwenye lami. Kibao peke yake madereva wetu hawakisomi, wanasoma tuta.

Kwa kijana atakayepewa bendera: simama pembeni, watazame wanaokuja, usiwape mgongo hata ukiitwa, na nyuma yako pawe na pa kukimbilia. Kwenye kona ambapo humwoni mwenzako mwenye bendera upande wa pili, mpe kijiti dereva wa gari la mwisho. Mwenzako akikipokea, ndipo anaachia upande wake. Simu huishiwa chaji, kijiti hakiishiwi. Ila usithubutu kumpa bodaboda. Mimi nilimpa, akapenya foleni yote, kijiti kikafika kabla ya magari. Lori na bajaji wakakutana uso kwa uso katikati ya kifusi, na matusi niliyopewa siku ile sijayasikia tena.

Mkiwa na malalamiko, pigeni picha kibao cha mradi. Jina la mkandarasi na la mwajiri wake yako pale. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017; barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara nchini. Pelekeni kwa maandishi kupitia kwa mtendaji wa mtaa, mkitaja mahali na tarehe: "mbele ya msikiti, kushoto ukielekea sokoni, mtaro hauna kivuko tangu Jumatatu." Ukiandika tu "barabara ni hatari" hakuna atakayenyanyuka kitini.

Na msimsahau mlinzi wa usiku. Wa kwetu alilipwa kulinda dizeli ya greda, mbao hazikumhusu. Tulipomwendea kwa chai na maandazi akakubali kupita mtaroni na tochi yake kila saa kumi usiku, kabla ya adhana. Ubao uliokosekana alikuwa anauziba kwa toroli lililopinduliwa, na mama wa dagaa, aliporudi kazini, akawa anamwita kwa mbali: "Mwanangu, leo pako salama?"