Kidonge cha chini ya ulimi

Mwanangu Salim,

Jumapili simu ilikatika kabla sijakujibu. Uliuliza: kama oksidi ya nitriki ndiyo gesi ile ile ya moshi wa magari, mbona natibiwa moyo kwa kidonge kinachoitoa?

Vumilia, ualimu wa kemia haustaafu. Gesi hii mwili hauiwekei akiba. Inapenya kila utando, sasa utaifungia wapi? Hupikwa pale pale inapotakiwa, na sekunde chache baadaye imekwisha. Kwa hiyo anayechungwa ni mpishi, yaani kimeng'enya kinachochukua arginini (kijenzi kimojawapo cha protini) na oksijeni kikatoa gesi hiyo pamoja na sitrulini. Kwenye ukuta wa ndani wa mshipa, mpishi huyu amelala. Ishara ikifika, kalsiamu hupanda ndani ya seli, ikashikana na protini iitwayo kalmodulini, nayo ikamwamsha. Kalsiamu ikishuka, usingizi tena. Gesi iliyokwishatoka huvuka hadi kwenye misuli ya mshipa, ikailegeza; inayopotelea kwenye damu, himoglobini huigeuza naitreti.

Ila ana ndugu mkorofi kwenye seli za kinga. Huyo huundwa vijidudu vikivamia, na hangoji kalsiamu ipande: akianza, humwaga gesi kwa saa nyingi. Ndiyo silaha yake. Maambukizi yakitapakaa kwenye damu, mishipa hulegea mwili mzima na presha ikaporomoka. Hapo sumu yako utaiona.

Kidonge changu ni nitrogliserini, ile ile ya baruti za Alfred Nobel, ambaye naye uzeeni aliandikiwa na daktari. Chenyewe hakimngoji mpishi. Nakaa kitini kwanza, nakiweka chini ya ulimi. Dakika mbili tatu kifua kinaachia, na kichwa kinagonga kama mchi kwenye kinu.

Daktari alingoja mama yako atoke, akaniuliza kama natumia sildenafili, yaani Viagra. Usicheke. Gesi hii hulegeza misuli kwa kuwasha ujumbe fulani ndani yake, na kuna kimeng'enya kingine kazi yake ni kuufuta ujumbe huo. Sildenafili hukizuia hicho. Ukichanganya na kidonge changu, umewasha na umemfunga mikono wa kuzima. Presha inaweza kushuka hadi ikuue. Nilimjibu hapana.

Na ukija, usivihamishie tena vidonge vyangu kwenye kopo la plastiki. Vinapoteza nguvu. Viache kwenye kichupa chake cha kioo, kifuniko kikazwe.

Baba yako