Waziri akiongea na waandishi kabla ya Bunge, mbaneni kwa makabrasha sio kwa kununa

Nimefanya kazi ofisi ya mbunge miaka kadhaa, kazi yangu ilikuwa kusoma makabrasha na kumwandalia maswali, na kitu kilichokuwa kinanipandisha presha kuliko vyote ni simu ya ripota alfajiri, "mheshimiwa anasemaje kuhusu mpango mpya wa waziri?" Mpango gani tena? Waziri amepangiwa kusoma kauli bungeni mchana, sisi hatujaona hata karatasi, lakini magazeti yote yana stori na yote yana sentensi ileile, "serikali inatarajiwa kutangaza". Ukiona hivyo jua haijavuja, imetolewa na wenyewe.

Sasa watu wengi wakisikia wabunge wanalalamika hapa wanaona ni mambo ya vyeo, waheshimiwa wamenuna hawakuambiwa kwanza. Mi siafiki. Ishu ni maswali. Anayempa ripota habari usiku ndo anachagua kipande gani kitoke, ripota anapata aya mbili tatu tamu, jedwali la nyuma linaloonyesha hela zinatoka wapi hana, na wakati mwingine kapewa kwa sharti asimpigie mtu wa upinzani mpaka stori itoke. Yaani mpaka mbunge anasimama kuuliza, watu wameshameza kichwa cha habari na yeye anaonekana mnoko tu anayepinga kila kitu.

Na msitegemee sana kanuni ziwasaidie. Uingereza wana kanuni za mawaziri zinazosema wazi kwamba Bunge likiwa kwenye vikao, matangazo makubwa ya sera yaanzie bungeni. Na kweli zamani hawakuwa na mchezo, 1947 waziri wa fedha Hugh Dalton alimdokeza mwandishi mambo ya kodi akiwa njiani kuingia kusoma bajeti, gazeti likayachapa kabla yeye mwenyewe hajayafikia kwenye hotuba, kesho yake kajiuzulu. Njoo 2021 sasa, bajeti ya Rishi Sunak, waziri wa fedha wa wakati huo, ilishamwagwa kwa waandishi vipande vipande kabla ya siku yenyewe, Spika Lindsay Hoyle akawaka, akakumbusha kwamba enzi hizo waziri wa hivyo alikuwa anaondoka. Hakuna aliyeondoka. 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves kaenda Washington, akiwa hukohuko akawaambia waandishi kwamba anabadilisha namna ya kupima deni la serikali, Spika kawaka tena, na bajeti ikasomwa kama kawaida.

Kwa hiyo kama we ni msaidizi wa mbunge, au diwani, ama mwakilishi yeyote, asubuhi ikikukuta hiyo usianze na barua ya malalamiko. Hifadhi stori pamoja na saa iliyotoka, maana baadaye wizara itakwambia "hizo ni tetesi za magazeti". Andika wizarani omba waraka kamili, viambatisho vikiwemo, kabla kauli haijasomwa. Kama kanuni zenu zinaruhusu swali la dharura peleka kwa Spika mapema, waziri akilazimika kuja kujibu hata nusu saa tu mmepata kitu.

Halafu hii ndo iliyonisaidia kuliko zote: kauli ikishatoka naiprinti, naiweka pembeni ya stori ya gazeti, nachukua kalamu napigia mstari kila kitu ambacho gazeti lilikuwa nacho. Kinachobaki bila mstari ndo maswali yako hayo. Kuna siku stori ilikuwa na hela nyingi za madarasa mapya, kila mtu anashangilia, kumbe kwenye kiambatisho hela zenyewe ni za miaka mitano na sehemu yake ilishatangazwa mwaka wa nyuma. Mheshimiwa akauliza hilo moja tu, kiasi gani ni kipya? Waziri akaanza kupekua makaratasi.

Ila mwambie bosi wako mapema asifungue mdomo na "Mheshimiwa Spika, Bunge hili limedharauliwa", kwa sababu klipu itakayozunguka jioni ni hiyo na swali lenyewe halitasikika kabisa. Aulize kwanza, akibakiwa na dakika ndo alalamike.

Maripota siwalaumu jamani, habari ni habari, na mtumishi anayetoa siri iliyofichwa kwa makusudi huyo ni mwingine kabisa, simweki fungu moja na waziri anayejipigia debe. Ila nanyi ombeni waraka mzima, na lile sharti la kutompigia mtu likataeni, mnaandikiwa stori halafu mnaweka majina yenu.

Bunge likiwa likizo hapo kweli waziri ana hoja, hawezi kukaa na jambo la haraka wiki kadhaa. Hapo mi nilikuwa naandika barua tu, aweke waraka maktaba ya Bunge siku hiyohiyo anayoongea na waandishi. Wengine wanaweka, wengine mpaka uandike tena na nakala kwa Spika.