Kumpeleka mama Spello kwenye sherehe ya maua: fikeni Jumamosi, msingoje Jumapili

Ndugu, umeuliza mambo matatu: kama siku mbili za mwisho wa juma zinatosha kutembelea miji ya vilimani ya Umbria, mkoa wa Italia ya kati, kama sherehe ya maua ya Spello inamfaa mama mwenye umri wa miaka 68 anayesumbuliwa na magoti, na kama ni kweli, kama alivyokuambia mchangiaji wa hapo juu, kwamba muda wa saa moja tu siku ya Jumapili unatosha kwa kuwa hayo ni maua tu ya kukanyagwa. Nitakujibu kwa niliyoyaona mwezi Juni mwaka 2023, nilipokwenda huko na dada yangu anayeishi Perugia, shemeji yangu ambaye ni mwenyeji wa mkoa huo, watoto wao wawili, na mama yetu mdogo aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kuwatembelea.

Naanza na hilo la tatu, kwa sababu mwenye kulifuata atarudi nyumbani akiwa hakuona kitu. Anayefika Spello Jumapili saa nne asubuhi anakuta kazi imekwisha, vichochoro vimejaa watu hadi pomoni, na mazulia ya maua anayaona vipande vipande kupitia mabega ya wenzake. Infiorata, kama wenyewe wanavyoiita, ni kazi ya usiku wa kuamkia Jumapili ya Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Jumamosi alasiri vikundi vya wenyeji huanza kutandaza michoro yao barabarani, husimamisha mahema ya kuzuia upepo na jua, na giza linapoingia huwasha taa na kupiga magoti juu ya mawe, wazee kwa watoto, wakijaza mchoro kwa petali kidogo kidogo hadi kunapambazuka. Sheria yao ni kwamba kila rangi itoke kwenye mmea. Rangi za dukani haziruhusiwi. Manjano huipata kwenye ua la porini liitwalo ginestra, kijani kwenye majani ya shamari ya porini yaliyosagwa, na nyekundu kwenye mipopi ya mashambani. Maua mengine hukusanywa miezi kadhaa kabla kwenye miteremko ya mlima Subasio, yakakaushwa na kusagwa hadi yakawa kama unga, ndiyo maana mchoraji aweza kuutia uso wa mtakatifu kivuli cha shavu na mkunjo wa kope kama aliyeshika brashi.

Mnamo saa tano usiku tulikuwa tumesimama kando ya meza ndefu ambapo wanawake wanane hivi walikuwa wakichambua waridi. Mama mdogo amefunga vikuba tangu usichana wake; harusi nyingi za mtaani kwetu zimenukia asumini, rihani na mkadi uliopita mikononi mwake. Alimtazama binti mmoja akinyofoa petali kwa nguvu, zikitoka zimevilia pembeni, akashindwa kunyamaza. Alichukua ua moja, akalishika kitako kwa vidole vya mkono wa kushoto, akalizungusha taratibu kwa mkono wa kulia, petali zikaachia zikiwa nzima na kuanguka kwenye beseni kama zilizoamriwa. "Mwambie mwanangu ua halivutwi, linazungushwa," alimwambia dada, lakini kabla dada hajatafsiri binti alikwisha kuelewa, na bibi mmoja wa Kiitaliano akasogea, akamvutia mama mdogo kiti. Alikaa pale hadi saa nane. Baada ya nusu saa dada aliacha kutafsiri kwa sababu hakuna aliyemhitaji, na kulipokucha mama mdogo alituonyesha kucha zake zilizogeuka manjano kwa ginestra.

Asubuhi hiyo maandamano ya Ekaristi yalitoka kanisa la Santa Maria Maggiore, askofu akiwa amebeba Ekaristi Takatifu, mkate ambao Wakatoliki huamini ni Mwili wa Kristo, na nyayo zake na za waliomfuata ndizo zilizopita juu ya kazi ile yote. Mama mdogo ni Mwislamu. Alisimama nasi pembeni kwa utulivu na hakuna aliyemsumbua wala kumtazama vibaya. Mpwa wangu mwenye miaka tisa ndiye aliyelia kuona sura aliyoitazama ikiumbwa usiku kucha ikivurugika. Mama mdogo alimkumbatia akamwambia kwamba hata kikuba hufungwa kwa ajili ya usiku mmoja, na anayekivaa hukivaa akijua. Ndiyo maana yale maneno ya "maua tu ya kukanyagwa" yaliniuma nilipoyasoma. Yalitandazwa pale ili apitishiwe juu yake Yule wanayemwabudu, na walioyatandaza walilijua hilo tangu siku walipoyachuma.

Kuhusu miji, ushauri wangu ni kwamba msizidishe miwili. Sisi tulianza Orvieto Jumamosi asubuhi, nami naona ndiyo inayotangulia kwa haki, kwa sababu sikukuu yenyewe ina mizizi hapo. Mapokeo yanasimulia kuwa mwaka 1263, huko Bolsena jirani, padri mmoja aliyekuwa na mashaka aliona hostia, yaani mkate wa Ekaristi, ikitoa damu juu ya kitambaa cha altare. Mwaka uliofuata Papa Urbano wa Nne, aliyekuwa akikaa Orvieto, aliiweka Sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa lote. Kitambaa hicho kimehifadhiwa katika kanisa kuu la Orvieto, lililoanza kujengwa mwaka 1290, lenye kuta za mistari ya mawe meusi na meupe. Desturi ya kutandaza picha za maua ilikuja baadaye sana, Roma mwaka 1625, mikononi mwa Benedetto Drei aliyesimamia maua ya Vatikani, kisha ikashika mizizi katika miji kama Genzano na Spello. Ukiujua mfuatano huo, kuiona Orvieto mchana na Spello usiku kunakuwa safari moja.

Orvieto pia inayahurumia magoti, kwani iko juu ya mwamba lakini kutoka kituo cha treni kuna kigari kinachovutwa kwa kamba hadi mjini. Kile kisima cha San Patrizio, alichoagiza Papa Klementi wa Saba baada ya kukimbilia huko Roma ilipotekwa mwaka 1527, mama yako akitazame kwa juu tu, maana ngazi zake ni 248 na anayeshuka lazima apande. Mama mdogo alikaa uwanja wa kanisa kuu akanywa kahawa, na hakujutia.

Spello ni habari nyingine. Mji umejengwa juu ya mteremko, barabara zake ni za mawe na zinapanda tu. Kosa letu lilikuwa malazi: mwenye nyumba tuliyokodi alituandikia kwamba ni hatua chache kutoka lango la chini, nasi hatukuuliza kama hatua hizo ni za tambarare au za ngazi. Zilikuwa ngazi 64, nilizihesabu nikiwa na sanduku la mama mdogo begani. Uliza mapema idadi ya ngazi, na ukiweza panga chumba sehemu ya juu ya mji, ili asubuhi mshuke badala ya kupanda. Gari mtaliacha nje ya kuta. Siku hiyo hakuna dereva anayepita ndani. Mkija kwa treni, Spello ina kituo chake bondeni, kati ya Foligno na Assisi.

Chakula kinahitaji kuulizwa, kwa sababu nyama ya nguruwe wanaiweka karibu kila mahali, hata ndani ya mikate. Sisi tulikula dengu, jibini ya kondoo, na tambi nene za mkoa huo ziitwazo strangozzi, na shemeji alimweleza mpishi kila mara bila kukereka.

Tarehe hubadilika kila mwaka: ni Jumapili ya tisa baada ya Pasaka, kwa hiyo mwaka 2026 ni tarehe 7 Juni, na 2027 itaangukia tarehe 30 Mei. Mnunulie mama yako kigoda cha kukunja na mfungie shali ya sufu, kwani usiku upepo wa Subasio ni baridi hata mwezi Juni. Apate usingizi wa mchana Jumamosi, mtoke baada ya chakula cha usiku, na mtafute meza wanapochambua maua badala ya kuhangaika kuona kila zulia. Akitaka kusaidia, mwache asogee tu karibu na meza. Sisi hatukuhitaji kuomba.