Vishada vya germaniamu: hesabu chaji kabla ya kuamini umbo

Anayetaka ioni ya Ge9, yaani kishada (kundi la atomi zilizoshikana) cha atomi 9 za germaniamu, yenye chaji hasi 4 ajue kwamba nusu ya matatizo yake huanzia kwenye mizani. Aloi inayotakiwa ni K4Ge9. Kwa gramu 2, pima gramu 0.386 za potasiamu na gramu 1.614 za germaniamu ndani ya kisanduku cha glavu (kisanduku kilichofungwa, unachofanyia kazi kwa glavu zilizoungwa ukutani mwake) chenye agoni, gesi isiyoathiri kemikali. Kwangua oksidi kwenye potasiamu mpaka uso ung'ae, maana ukipima uchafu umepunja potasiamu. Ukiizidisha nako ni balaa: unaelekea K12Ge17, ambamo vishada vya atomi 4 vimechanganyika na vya atomi 9.

Usitumie bomba la silika peke yake. Potasiamu huchemka kwenye nyuzi 759 za Selsiasi, na mvuke wake huila silika. Tumia bomba la niobiamu au tantali, lichomelee ncha zote mbili ndani ya agoni, kisha lifungie ndani ya silika iliyotolewa hewa ili niobiamu isioksidike ikapasuka. Siku 2 kwenye nyuzi 900 hadi 950 zinatosha. Ipoe polepole.

Kiyeyushi cha kawaida ni ethilinidiamini iliyokaushwa vizuri, pamoja na kriptandi 2.2.2, molekuli yenye umbo la kizimba, ya kuishika potasiamu. Myeyuko mzuri una wekundu mzito. Ukififia na mashapo kuanza kutua, tafuta unyevu au hewa iliyopenya kabla hujalaumu aloi.

Sasa tuje kwenye fuwele, ambako wengi hujikwaa. Kila atomi ya germaniamu hutoa elektroni 2 kwa kishada na kubaki na jozi huru, yaani elektroni 2 zisizoshiriki bondi. Atomi 9 zinatoa 18. Ongeza 4 za chaji, unapata 22, na kanuni za Wade, zinazokisia umbo la kishada kutokana na idadi ya elektroni, zinatabiri antiprizimu ya mraba (miraba 2 inayotazamana, mmoja umezungushwa) yenye kofia moja, yaani atomi moja ya ziada juu ya uso wake. Chaji ikiwa hasi 2, elektroni ni 20 na umbo ni prizimu ya pembetatu yenye kofia 3. Kwenye karatasi inapendeza. Ila maumbo haya yanakaribiana mno kwa nishati, na fuwele nyingi huonyesha kitu cha katikati, kwa hiyo umbo peke yake si ushahidi.

Hesabu kationi, yaani ioni chanya kama za potasiamu, maana jumla ya chaji zao ndiyo chaji ya vishada. Vishada 2 vilivyoungana kwa bondi moja hubeba chaji hasi 6, yaani 3 kwa kila kishada. Mnyororo wa vishada 3 nao hubeba 6, na wa vishada 4 hubeba 8: hapo kila kishada kimebaki na 2. Potasiamu moja iliyotawanyika (isiyo na nafasi moja maalumu kwenye fuwele) ikidhaniwa ni kiyeyushi, hesabu yote inapotoka.

Wanaotengeneza vishada vya bati wana nafuu: isotopu zake huonekana vizuri kwenye NMR (kipimo kinachosikiliza viini vya atomi ndani ya usumaku), na Sn9, kishada cha atomi 9 za bati, hutoa ishara moja tu kwa kuwa atomi zake hubadilishana nafasi haraka. Germaniamu-73 ina kwadripoli (mgawanyo wa chaji usio wa duara kwenye kiini) inayotanua ishara, hivyo tegemea eksirei za fuwele na spektrometa ya masi, chombo cha kupima uzito wa ioni.