Hofu ya kutua Lukla: jibu kwa msafiri wa Nepal

Ndugu msafiri, nimekuelewa: unakwenda Everest mwezi wa 10, na video za ndege zikitua Lukla, uwanja mdogo wa ndege mlimani unaotumiwa na wanaokwenda Everest, zimekunyima usingizi. Hofu yako ina msingi, kwa kuwa njia ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu, mbele ukuta wa mlima, nyuma korongo, na rubani akishakaribia hana nafasi ya kuzunguka ajaribu tena. Hata hivyo, mwinamo wake wa takriban asilimia 12 una faida kubwa: ndege hutua ikipanda, mwendo ukapungua upesi, na huondoka ikiteremka ili ipate kasi.

Omba safari ya asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajatanda, na ukae viti vya nyuma, kwani wa mbele mara nyingi huuona mlima kupitia kioo cha rubani. Acha siku mbili tatu za akiba, maana safari huahirishwa sana, na usimshinikize yeyote aruke. Ukishindwa kabisa, panda gari hadi mji wa Salleri, kisha uendelee kwa miguu siku kadhaa. Binafsi ningehofia zaidi mwinuko wa Lukla, mita 2,800 na ushei juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi: kama una maradhi ya moyo au mapafu, muone daktari kabla hujalipia chochote.